Chombo cha Anga Kwenye Daftari la Masjala

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na lile rundo la sare za shule limepungua mezani kwako. Mimi sijambo, isipokuwa barua hii naiandika kwa mara ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilianza vibaya.

Uliweka sharti kwamba jambo lolote la akiba yangu unayonitunzia lije kwa maandishi, kwa kuwa kwenye simu mimi hukubali kila ninaloambiwa. Basi hili ni jambo la akiba.

Kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi yetu, mchoraji ramani za madaraja mmoja mstaafu ametangaza kuuza chombo cha anga. Si cha kweli. Ni cha matofali madogo ya plastiki, yale ya kuunganisha, vipande elfu tano mia nne na kumi na viwili. Kikikamilika kinajaza meza nzima. Kiwanda kiliacha kukitengeneza miaka mingi iliyopita, na sanduku lake halijafunguliwa hata mara moja. Tafadhali usicheke bado. Wako watu wazima wanaokusanya vitu hivi, wengine wana ofisi na makatibu.

Bei ni mshahara wangu wa miezi mitano. Kwa hesabu nyingine, ni kodi ya mwaka mzima ya kile chumba tulichokiona mwezi wa kwanza, chenye dirisha. Nikikinunua, nitabaki kwa Baba Mdogo mwaka mwingine, katika stoo yake ya matairi.

Nimekwenda kulitazama tangazo mara sita. Mara ya sita mlinzi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Niambie, je, kina thamani hiyo? Sitafanya lolote kabla hujajibu.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu Bwana Stakabadhi,

Marahaba. Mgongo haujapoa na sare hazijapungua, asante kwa kuuliza.

Barua yako nimeisoma mbele ya mafundi wenzangu na sasa hapa hakuna anayeshona. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha angani hawakumtaja, kwa hiyo sijui nikushauri upande gani.

Nisikilize. Pesa ni zako. Mimi ni kabati tu, na kabati haliulizi nguo inakwenda wapi. Lakini miaka miwili umekuwa ukinililia harufu ya matairi. Umenieleza habari za lile dirisha mpaka ningeweza kulishonea pazia bila kulipima. Leo unataka kulibadilisha na sanduku la plastiki, halafu unanipa hesabu ya vipande, kana kwamba mimi ndiye mkaguzi.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Ukiwa nacho utakifanya nini? Utakifungua ukijenge, au utakiweka chini ya kitanda ukilinde? Maana nakujua. Viatu nilivyokununulia ulipomaliza shule ulivivaa vikiwa vimeshakubana.

Nenda kakione kwanza. Usilipe kitu, na usitie sahihi popote.

Dada yako

*

Jumapili, 10 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefuata ushauri wako. Sijalipa na sijatia sahihi popote palipohusu malipo.

Nilipiga simu kwa namba ya tangazo, na yule mzee akaja Ijumaa asubuhi, saa ya msongamano, foleni ikiwa imefika mlangoni. Ni mrefu, ana shati lililonyooshwa vizuri, na haongei sana. Aliliweka sanduku juu ya kaunta yangu, akasema nikae nalo siku saba nilitazame mpaka nafsi yangu iridhike. Nilimwambia nimwandikie stakabadhi. Akasema stakabadhi za nini, yeye amekwisha kuniona. Akageuka akaenda zake. Nilibaki na mali ya mtu isiyo na karatasi, na foleni inanung'unika.

Sanduku ni zuri kupita picha. Ni kubwa kama mto wa kulalia, jeupe, lenye chombo hicho kimechorwa kikitua juu ya mawe mekundu. Liko salama ofisini. Salama sana.

Kuhusu swali lako, bado nafikiri. Nimesoma kwamba sanduku likifunguliwa, thamani inashuka nusu palepale. Lisipofunguliwa inapanda kila mwaka. Lakini lisipofunguliwa nitajuaje kama vipande vyote vimo? Kazini tunafundishwa usikiri kupokea usichokiona. Hapa ninatakiwa nilipie nisichokiona, tena ili kisionekane kamwe. Nimeligeuza jambo hili mpaka kichwa kinauma.

Jambo jingine dogo, halihusiani. Wewe umezoea madoa. Wino wa zambarau ukiingia kwenye karatasi ngumu nyeupe, kama kadibodi, hutolewa kwa kutumia nini? Kuna mteja aliniuliza.

Mdogo wako

*

Jumanne, 12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwenye kitambaa wino wa zambarau hutoka kwa spiriti na pamba, ukigusagusa bila kusugua. Kwenye kadibodi sijui, kadibodi haijawahi kuletwa kwangu kushonwa. Mwambie mteja wako ajaribu kwanza pembeni.

Huyo mteja ana mwandiko kama wako? Maana katika barua nzima, herufi zako zilianza kutetemeka pale alipotokea.

Na hiyo "salama sana" sijaipenda. Kitu kilicho salama husemwa ni salama, basi.

Dada yako

*

Alhamisi, 14 Machi

Kwa Mchoraji,

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima naomba kuongezewa siku kumi za kulitazama sanduku lako, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu. Lipo, halijafunguliwa, na linatunzwa mahali penye kufuli.

Nitashukuru kwa uvumilivu wako.

Karani wa kaunta namba mbili

*

Ijumaa, 15 Machi

Karani,

Marahaba. Chukua siku kumi.

Amejitokeza mnunuzi mwingine, mkusanyaji. Anatoa mara mbili ya bei yako, ila anataka sanduku safi, lisilo na hata mkunjo. Nimemwambia neno langu liko kwako. Ukisema hapana, nitampa yeye.

Ninauza kwa kuwa nyumbani nafasi imekuwa ndogo.

Mchoraji

*

Jumamosi, 16 Machi

Dada,

Shikamoo. Hakuna mteja. Ulishajua.

Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio nitaacha na ukweli. Kazi yangu pale kaunta ni moja tu. Kitu kikiwekwa mbele yangu, nakigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nakiandika kwenye daftari, nakipa namba. Hufanya hivyo kama mara mia moja kwa siku. Mkono umezoea, hausubiri kichwa.

Mzee alipoliweka sanduku na kugeuka, mimi nilikuwa namwangalia yeye, nikihangaika na stakabadhi yake. Mkono ukafanya kazi yake. Niliposikia ule mlio nikatazama chini. Muhuri ulikuwa katikati ya anga, tarehe juu, IMEPOKELEWA chini, na herufi za jina langu pembeni. Nilipigwa na butwaa. Na wakati butwaa haijanitoka, mkono mwingine ukawa umeandika: "Sanduku moja, chombo cha anga," namba mia nne na kumi na saba ya wiki ile.

Labda unaona muhuri ndiyo balaa. Balaa ni namba. Chenye namba ni mali iliyomo mikononi mwa ofisi, hakitoki getini bila idhini ya Mkuu wa Masjala, na daftari letu halifutwi. Ukurasa ukichanwa, mtu anafukuzwa kazi. Kwa hiyo sanduku la mzee limo rafuni, kati ya majalada ya mipaka ya viwanja, na mimi ninayelitunza ndiye nisiyeweza kulitoa.

Spiriti nilijaribu, pembeni kama ulivyosema, halafu si pembeni. Wino umeenea. Sasa muhuri unafanana na jicho lililopigwa ngumi.

Na kuna mkusanyaji anayempa mzee mara mbili ya bei, kama sanduku ni safi.

Nimefikiria hivi. Nikinunua kimyakimya, mzee anapata pesa yake, hajui kitu, na mimi natafuta namna ya getini baadaye. Tafadhali nitumie akiba yote. Sasa sina njia ila kukinunua. Angalau lile swali limekwisha.

Sikuweza kula jana. Baba Mdogo anadhani nimepata mchumba.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilicheka, nitakudanganya nikisema sikucheka. Halafu nilifika pale pa "kimyakimya" nikaacha.

Pesa nimetuma zote leo asubuhi. Ni zako, na sitaki ije isemwe kwamba dada alikubana ukaharibikiwa. Lakini nisikilize, maana hili nalisema mara moja. Swali halijaisha. Umelikimbia. Wiki mbili ulikuwa unajiuliza kama unakitaka kitu hiki, sasa unajiuliza utakifichaje. Ukikinunua kwa aibu, utakuwa umenunua aibu ya miezi mitano, na itakaa humo stoo inakutazama.

Na mzee wa watu anadhani anauza kitu safi kwa bei ya kukuhurumia, kumbe anadhulumiwa na yeye anashukuru. Hilo hatukulelewa nalo.

Mwambie mkuu wako. Kisha mwambie mzee. Kisha, kitu kikiwa mikononi mwake na huna deni la kuogopa, ndipo ujiulize. Kwa mpangilio huo, wewe unayependa mpangilio.

Mkuu wako atakufanya nini? Akikufukuza, njoo. Vifungo vya sare haviishi.

Dada yako

*

Jumatano, 20 Machi

Kwa Mkuu wa Masjala,

YAH: MAELEZO KUHUSU INGIZO NAMBA 417

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnamo tarehe 8 mwezi huu niligonga muhuri wa ofisi kwenye sanduku binafsi lililoachwa kaunta na mwenyewe, nikaliandika daftarini kimakosa. Nilijaribu kufuta muhuri kwa spiriti, jambo ambalo ni kosa la pili. Nilinyamaza siku kumi na mbili, jambo ambalo ni la tatu. Hakuna mtumishi mwingine anayehusika.

Naomba maelekezo ya namna ya kumrudishia mwenyewe mali yake.

Karani, kaunta namba mbili

Dokezo la Mkuu, 21 Machi:

Masjala haina maegesho ya vyombo vya anga. Mwenye mali aje mwenyewe, atie sahihi, achukue. Daftari lisifutwe, iandikwe "imerejeshwa". Karani amepewa onyo la mdomo. Limetolewa tayari na amelisikia, kwa kuwa nilimwona akitafuta pa kukaa.

*

Ijumaa, 22 Machi

Mzee wangu Mchoraji,

Shikamoo. Barua yangu ya tarehe 14 ilisema sababu ziko nje ya uwezo wangu. Haikuwa kweli. Sababu ni mkono wangu.

Siku uliponiachia sanduku nililigonga muhuri wa ofisi kwa mazoea, na nilipojaribu kuufuta nikauharibu zaidi. Limechafuka kwa mbele, juu ya mchoro. Yule mkusanyaji hatalitaka tena. Nilijua hivyo tangu uliponiandikia na nikanyamaza, nikiwa na nia ya kulinunua bila kukwambia.

Tafadhali njoo Jumanne saa nne utie sahihi ulichukue. Hasara yako niambie ni kiasi gani, nami nitailipa.

Karani

*

Jumatano, 27 Machi

Dada,

Shikamoo. Alikuja.

Sikuwa nimelala vizuri tangu Ijumaa. Nilipomwona anaingia, shati lilelile, nilitamani foleni iwe ndefu, na siku hiyo haikuwepo. Mkuu mwenyewe alikuja kusimama nyuma yangu, amekunja mikono.

Nilileta sanduku nikaliweka mbele yake, muhuri juu, nikasubiri. Alipitisha kiganja juu ya kadibodi polepole, kama wewe unavyopima kitambaa, akauliza, "Ni hapa?" Kidole chake kilikuwa mbali kabisa na doa. Nikamwambia ni kushoto kidogo.

Nilimfungulia daftari nikampa kalamu. Akaishika vizuri, mshiko wa mtu wa fani, kisha akaishusha kwenye safu ya tarehe. Nikasema si hapo mzee, chini yake. Akaishusha kwenye mstari wa mtu mwingine. Hapo nikaelewa, nadhani na Mkuu akaelewa, kwa sababu alikunjua mikono. Nilimshika mkono wa kalamu nikauweka mahali pake, akatia sahihi iliyonyooka kama mstari wa rula.

Alituambia wakati anaifunga kalamu, kwa sauti ya kawaida kama anayetaja saa. Sanduku alilinunua miaka tisa kabla ya kustaafu, akaliweka ili siku akiachana na kazi alijenge. Alistaafu mwaka juzi. Macho yalimtangulia kustaafu kwa miezi minne. Nafasi nyumbani anayo tele, na barua zake huwa fupi kwa sababu mistari humkimbia.

Nilimuuliza hasara. Akasema hana hasara, yule mkusanyaji alimkera kwa kuuliza habari za mikunjo tu, hakuuliza hata siku moja chombo chenyewe kinajengwaje. Akaniambia sina deni lake lolote, niendelee na kazi. Akalipakata sanduku, akatoka.

Dada, hapo ndipo pale ulipopasema. Sikuwa na cha kuogopa. Namba 417 ilikuwa imefungwa. Pesa zote ziko kwangu, chumba chenye dirisha bado hakijapata mpangaji, niliuliza Jumatatu. Nilipaswa kupumua. Badala yake nilimtazama anavuka uwanja kwa hatua za mtu anayehesabu, sanduku likizidi kuwa dogo, na sikuweza kusimama wala kukaa.

Nilimfikia getini. Mlinzi anasema nilikimbia. Sikuomba ruhusa, na muhuri ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikamwambia, "Mzee, nakitaka."

Akasema, "Kwa ajili ya doa?"

"Hapana. Nataka kukijenga."

"Ukikifungua hakitakuwa na bei tena. Hilo unalijua?"

Nikasema nalijua, nimelipigia hesabu wiki tatu. Akanielekezea sanduku, akiwa amekosea upande, mimi nikahama nikasimama pale lilipoelekea.

Nimemlipa bei tuliyopatana. Kwa hiyo stoo ya matairi ni yangu mpaka mwaka ujao, na nikilala naanza kuhisi nimefanya upuuzi mkubwa, nikiamka nahisi hivyo pia, lakini kidogo. Sanduku liko kitandani. Mimi nalala sakafuni. Sijalifungua.

Mkuu hakunipa onyo kwa kuacha kaunta. Aliuliza tu lina vipande vingapi.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 30 Machi

Karani,

Pesa nimepata. Asante.

Ulinialika nije niketi wakati unajenga. Sitakuja. Nikija nitataka kushika, na nikishika nitakuwa mzee anayekusumbua.

Nina ombi dogo. Picha ya sanduku niliikariri nikiwa bado naona. Mabawa yamening'inia bila nguzo, na mimi nimechora madaraja maisha yangu yote. Sijapata kujua yanashikiliwa na nini. Ukifika huko niandikie. Tumia kalamu nene na herufi kubwa, nitazisoma moja moja.

Usiliweke bila kulifungua. Nimelifanya hilo mimi, halina faida.

Mchoraji

*

JUMANNE, 2 APRILI

MZEE WANGU,

SHIKAMOO.

NIMEKATA UTEPE WA SANDUKU LEO SAA KUMI NA MOJA JIONI, MLANGO WA STOO UKIWA WAZI. NILIANZA MARA TATU. SASA HAKIUZIKI TENA.

MEZA NI MLANGO WA ZAMANI JUU YA MATAIRI MAWILI. MIFUKO NI ISHIRINI NA MITANO. MABAWA YAPO MFUKO WA KUMI NA SABA. NILITAKA KURUKA NIKAKUTAZAMIE, LAKINI KITABU CHA MAELEKEZO KINAKATAZA.

KIPANDE CHA KWANZA NI CHA KIJIVU, KIDOGO KAMA UKUCHA, KINA VITUFE VINNE. NIMEKIWEKA MEZANI. NINAHOFIA CHA PILI KITAANGUKA.

KIMEANGUKA. NIMEKIOKOTA. KIMEINGIA.

KARANI